Uso wa Askofu Petros

Machi 1960 ilikuja na habari mbili zilizoonekana hazina undugu wowote. Tarehe 8, UNESCO iliitangazia dunia kwamba Bwawa Kuu la Aswan lingeizamisha Nubia, ikaomba kila nchi yenye wataalamu ipeleke watu wakaokoe kinachookoleka. Tarehe 28, Vatikani, Papa Yohane XXIII alimfanya Laurean Rugambwa, mwana wa Buhaya huko Tanganyika, kuwa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama zetu kufikia daraja hilo. Watu walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini wakati wakishangilia, chini ya kilima cha mchanga katika kijiji cha Faras, pale Sudan inapopakana na Misri, alikuwepo askofu mwingine mweusi. Alikuwa amesimama ukutani kwa karibu miaka elfu moja, kitabu mkononi, macho makubwa yakitazama mbele, na Mtume Petro mwenyewe amemwekea mikono mabegani.

Aliitwa Petros. Huku kwetu ni wachache wanaomjua, kwa sababu historia ya Ukristo tunayosomeshwa huanzia kwa Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, au kwa mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868. Mwenye kujua zaidi atawakumbusha Waagustino waliokuja na Wareno. Katika historia hiyo picha ya mtu wa dini ni ya mgeni mwenye ndevu ndefu, ameketi katikati, na wenyeji wamesimama nyuma yake. Faras inaupindua mpangilio huo. Pale mwenyeji ndiye aliye mbele, na mgeni, hata akiwa mtume wa Yesu, ndiye aliyesimama nyuma.

Ili kuielewa picha hiyo inabidi turudi nyuma sana. Wanubi walikuwa na falme tatu kandokando ya Mto Nile: Nobadia kaskazini, Makuria katikati na Alwa kusini. Mnamo mwaka 543 padri aliyeitwa Juliani alitumwa kutoka Konstantinopoli, kwa msukumo wa Malkia Theodora, akaanza kuhubiri katika ufalme wa Nobadia. Longino alimfuata mwaka 569, na miaka kadhaa baadaye akasafiri hadi Alwa. Hakuna jeshi lililofuatana nao. Wafalme walibatizwa kwa hiari yao, na watu wao wakafuata.

Karne moja baadaye majeshi ya Waarabu yalikuwa yameshaiteka Misri. Mwaka 652 yaliuzingira Dongola, mji mkuu wa Makuria, lakini hayakuweza kuuingia. Wapiga mishale wa Kinubi walikuwa na shabaha ya kutisha, na wapiganaji wengi waliorudi Misri walirudi wakiwa wamepoteza jicho. Pande mbili zikaafikiana mkataba uliojulikana kama Baqt: kila mwaka Nubia itoe watumwa, Misri itoe nafaka, nguo na bidhaa nyingine. Ulikuwa mkataba wenye bei ya damu na machozi, na haifai kuupamba. Hata hivyo ulidumu kwa karne nyingi, na ndani ya amani hiyo Wanubi walijenga makanisa.

Faras, ambao wao waliuita Pachoras, ulikuwa mji mkuu wa Nobadia. Kufikia mwanzo wa karne ya 8 Nobadia ilikuwa imeunganishwa na Makuria chini ya Mfalme Merkurios, na mwaka 707 Askofu Paulos alisimamisha kanisa kuu jipya mahali hapo. Tunaujua mwaka huo kwa uhakika kwa sababu Paulos aliweka mawe ya msingi yenye maandishi ya Kigiriki na Kikopti. Tangu mwanzo, basi, lilikuwa kanisa la watu wanaoandika, wanaotaja majina, wanaoweka tarehe.

Kuta zake zilipakwa lipu ya udongo wa Mto Nile, zikapigwa chokaa juu, kisha mafundi wakachora chokaa kikiwa kimekauka. Michoro ya kwanza ina rangi ya zambarau iliyokolea kuliko nyingine zote, na kati ya hiyo umo mmoja ambao leo umekuwa kama nembo ya Faras: Mtakatifu Anna, bibi yake Yesu kwa mama. Sehemu ya chini ya mwili wake imepotea. Kimebaki kichwa chenye ushungi wa zambarau, uso mrefu mtulivu, macho mapana, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilichowekwa midomoni. Wapo wanaosema anaomba kimoyomoyo, na wapo wanaosema anatuambia tunyamaze mbele ya fumbo. Mimi naona tafsiri zote mbili zinamfaa.

Mchoro huo ni wa karne ya 8 au mwanzo wa karne ya 9, na wakati wenyewe una maana. Huko Konstantinopoli makaisari walikuwa wamezipiga marufuku picha za watakatifu. Tangu miaka ya 720 hadi 843, ukiacha kipindi kifupi katikati, picha zilichomwa, zilipakwa chokaa, na watawa waliozitetea waliteswa. Picha nyingi za ulimwengu wa Kigiriki za wakati ule hazipo tena. Lakini amri ya kaisari haikuvuka Misri ya Waislamu, na maaskofu wa Nubia walikuwa wakipata daraja yao kwa Patriaki wa Aleksandria, si kwa Konstantinopoli. Kwa hiyo wakati Wagiriki wanafuta, Wanubi walikuwa wanachora. Anayetaka kujua Ukristo wa Mashariki ulichora namna gani katika miaka hiyo ya giza hana budi kuja Afrika.

Katika karne ya 10 kanisa liliharibika vibaya, na Petros ndiye aliyelijenga upya. Alishika uaskofu wa Pachoras kuanzia 974 hadi 997. Nguzo za mawe zilibadilishwa kwa za matofali, dari la mbao likaondolewa, na mahali pake zikajengwa kuba. Kuta zilipigwa lipu mpya juu ya ile ya zamani, na michoro mipya ikaanza kuchorwa juu ya michoro iliyozikwa. Mmoja wa michoro hiyo mipya ni wake mwenyewe.

Tumtazame. Amesimama akitukabili moja kwa moja. Mavazi yake ya ibada yamepambwa tangu mabegani hadi miguuni, rangi juu ya rangi, na fundi hakuacha nafasi bila nakshi. Mkononi ana kitabu chenye jalada lililotiwa vito. Nyuma yake amesimama Mtume Petro, somo wake, mwenye nywele na ndevu za mvi, mikono yake ikiwa juu ya mabega ya askofu. Ni mikono ya mlezi, na pia ni mikono ya mtu anayemleta mtu wake mbele ya kusanyiko na kusema huyu ndiye. Uso wa mtume ni mweupe kiasi. Uso wa Petros ni wa kahawia iliyokoza, umechorwa kwa mistari michache yenye nguvu.

Tofauti hiyo ya rangi imezusha maneno mengi, na swali lake ni halali: kwa nini watakatifu wawe weupe na askofu awe mweusi? Jibu langu ni kwamba fundi alikuwa na vyanzo viwili. Kristo, Maria, malaika na mitume aliwapokea kutoka katika desturi ya kuchora ya Misri na Bizanti, yenye sura zilizokubalika na rangi zilizokubalika, na kuzibadilisha kungewafanya waumini wasiwatambue. Askofu hakuwa na kielelezo cha kunakiliwa. Alikuwa anapita pale kila siku, anasalisha, anakagua kazi ya matofali. Fundi alimchora kama alivyomwona. Maandishi yaliyo kando ya picha za maaskofu wa Faras yanawaombea miaka mingi ya kuishi, na hakuna anayemwombea marehemu maisha marefu. Petros aliiona sura yake hii, akairidhia, na waumini waliokuja kusali waliweza kugeuka kulinganisha ukuta na mtu.

Mwenye shaka kwamba mafundi walitazama watu aende kwa Marianos, aliyekuwa askofu kuanzia 1005 hadi 1036. Naye amesimama na kitabu chake, lakini anayemlinda ni Bikira Maria akiwa na Mtoto. Marianos ana uso wa mviringo, ngozi ya maji ya kunde, ndevu nyeusi nzito. Hafanani na Petros hata kidogo. Huenda asili yake ilikuwa nyingine, pengine ya kaskazini zaidi. Kama rangi ya ngozi ingekuwa alama tu ya cheo au ya unyonge, maaskofu wote wangepakwa rangi moja. Hawakupakwa. Kila mmoja alipewa uso wake.

Jambo hili lilikuwa na kazi katika kanisa lile. Ndani ya kijumba kilichochongwa ukutani, mafundi wa Faras waliandika kwa Kigiriki orodha ya maaskofu 27 wa Pachoras, wakipokezana mmoja baada ya mwingine, na miaka waliyotumikia. Nje, upande wa mashariki, yalikuwepo makaburi ya baadhi yao, yenye mawe ya maandishi. Ukuta, kaburi na orodha vilithibitishana kama mashahidi watatu wa mirathi moja: huyu alikuwepo, alishika kiti baada ya fulani, alifanana hivi. Katika sanaa ya zama za kati popote pale, ni nadra kumpata kiongozi wa dini mwenye jina, miaka, kaburi na sura, vyote mahali pamoja. Maaskofu wengi wa Ulaya wa karne ile tunawajua kwa majina. Nyuso zao zimepotea, au zimechorwa kwa kukisia na watu waliozaliwa baadaye sana.

Si maaskofu peke yao waliokuwa ukutani. Kulikuwa na wafalme na mama za wafalme, kila mmoja chini ya mlinzi wake wa mbinguni. Kulikuwa na Shadraka, Meshaki na Abednego wamesimama katikati ya miali ya moto, Malaika Mkuu Mikaeli akiwakinga. Kulikuwa na mchoro mkubwa wa Kuzaliwa kwa Yesu, Maria amelala katikati, na Mamajusi wamewasili wakiwa juu ya farasi. Nasikitika kuupita mchoro huo kwa sentensi moja, maana peke yake ungetosha makala nzima.

Kisha upepo ulianza kuingiza mchanga. Nchi ilikuwa inadhoofika: vita vya kugombea ufalme ndani, mashambulizi ya Mamluki, watawala wa Misri, kutoka nje. Mwaka 1317 ukumbi wa wafalme wa Dongola uligeuzwa msikiti. Huko Faras kanisa lilijaa mchanga kidogokidogo, paa likaanguka, watu wakajenga vingine juu yake, na kilima kikasahau kilichokuwa tumboni mwake. Mchanga huo ulioliua kanisa ndio uliozihifadhi picha.

Mwingereza Griffith alichimba Faras kati ya 1910 na 1912, lakini kilima kikubwa hakukifikia kiini chake. Mwaka 1961 akaja Kazimierz Michałowski kutoka Poland. Huyu alikuwa mtu wa subira ya pekee. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walimfunga katika kambi ya maofisa huko Woldenberg, naye akawa akiwafundisha wafungwa wenzake habari za Misri ya kale. Alipoachiwa alirudi Warsaw, mji uliobomolewa karibu wote. Watu waliokuwa wameona picha zao, makanisa yao na maktaba zao zikiteketea walijua vizuri maana ya kuokoa ukuta kabla haujaondoka. Naamini hilo lilichangia namna walivyofanya kazi Faras.

Walikuwa wanatafuta mabaki ya Kifarao, na kweli waliyapata mawe ya hekalu la Thutmose III. Lakini kadiri mchanga ulivyoondolewa, ukuta ulitoa uso mmoja, kisha mwingine. Msimu baada ya msimu hadi 1964, zaidi ya michoro 150 ilijitokeza. Mtaalamu wa maandishi, Stefan Jakobielski, alisoma Kigiriki, Kikopti na Kinubi cha kale kilichoandikwa kando ya sura hizo, na ndiyo maana leo hatuzungumzi habari za askofu fulani asiyejulikana. Tunamtaja Petros, tunamtaja Marianos.

Kuibandua michoro hiyo kulikuwa kazi ya kushikilia pumzi. Rangi ilikuwa imekaa juu ya chokaa chembamba, chokaa juu ya udongo mkavu, na udongo ulikuwa tayari kubomoka kwa kuguswa. Józef Gazy, mchongaji aliyeongoza shughuli hiyo, na wenzake waliusafisha mchoro, wakaufunika kwa karatasi nyepesi ya Kijapani, kisha wakaipaka karatasi nta iliyoyeyushwa pamoja na utomvu wa mti. Nta ilipigwa pasi za moto mpaka ikaingia na kushikamana na rangi. Baada ya hapo walikata lipu kwa nyuma, polepole, kwa visu na misumeno, hadi sura nzima ikaachana na ukuta na kulala kifudifudi juu ya ubao. Mara nyingine nyuma ya lipu iliyoondolewa palijitokeza lipu ya kale zaidi, nayo ina sura, na kazi inaanza upya. Haya yote yalifanyika jangwani, wakati maji yanajulikana kwamba yako njiani. Zaidi ya michoro 120 iliondolewa hivyo.

Watu pia walihamishwa, na hili lisipite bila kutajwa. Wanubi wa Sudan takriban 50,000 walipelekwa Khashm el-Girba, mamia ya kilomita kutoka mtoni kwao, na wanakijiji wa Faras walikuwa wa kwanza kupandishwa treni, Januari 1964. Kabla ya kuondoka walikwenda makaburini kuwaaga wazee wao. Walikuwa Waislamu kwa karne kadhaa, lakini ardhi ilikuwa ileile, na waliozikwa ndani yake, wa dini zote mbili, walikuwa watu wao. Dunia ilituma wataalamu wake bora kuokoa nyuso za ukutani. Wenye nyuso hai walipewa nyumba za saruji kwenye nchi ambayo hawakuichagua. Siwalaumu waliookoa picha. Nawalaumu walioamua kwamba bei hiyo inalipika.

Kwa makubaliano na serikali ya Sudan, michoro iligawanywa. Zaidi ya 60 ilikwenda Makumbusho ya Taifa ya Warsaw, na mingine, ukiwemo ule wa Kuzaliwa kwa Yesu, ikabaki Khartoum. Petros, Marianos na Anna walikwenda Poland, ambako chumba chao kilifunguliwa mwaka 1972 na kufanywa upya mwaka 2014. Hawakuibwa, tofauti na vitu vingi vya Afrika vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya. Walitolewa kwa mkataba, na Wapoland wamewatunza kwa heshima. Lakini inaumiza kwamba kijana wa Khartoum, Kampala au Mwanza anayetaka kusimama mbele ya Petros anahitaji kwanza viza.

Mwaka 1964 pia, juu kidogo ya maji yaliyokuwa yakipanda, Mwingereza Martin Plumley alichimba katika kanisa la ngome ya Qasr Ibrim. Huko ndiko alikozikwa Marianos mwaka 1036. Plumley alimkuta askofu mwingine, Timotheos, amezikwa akiwa bado na mavazi yake, na chini ya mwili wake hati mbili ndefu za kukunja, moja ya Kikopti na nyingine ya Kiarabu. Zilikuwa barua za kuwekwa kwake wakfu, za mwaka 1372, zikimtambulisha kwa watu wa Ibrim na Pachoras. Kwa hiyo kiti cha Petros kilikuwa bado na mrithi karibu miaka 400 baada yake, kipindi ambacho kanisa lenyewe lilikuwa linamezwa na mchanga. Timotheos hakupata fundi wa kumchora. Wala hakupata, kama inavyoonekana, nafasi ya kuzikabidhi hati zake popote. Alikwenda nazo kaburini.

Kazi ya kuzitafuta sura za Wanubi haikuishia Faras. Wapoland walihamia Dongola, na mwanzoni mwa Aprili 2023 walitangaza kwamba wamepata, chini ya sakafu za nyumba za zama za baadaye, vyumba vidogo vya matofali vyenye michoro ya namna ambayo haijawahi kuonekana Nubia. Katika mmoja mfalme wa Kinubi ameinama kuubusu mkono wa Kristo, na Malaika Mkuu Mikaeli amemshika, amemfunika kwa bawa. Maandishi yanamtaja Daudi, mfalme aliyeishambulia Misri katika karne ya 13 na kuiletea nchi yake kisasi kikubwa. Mfalme mwenye hofu, malaika anayemsukuma mbele kwa upole: baada ya maaskofu waliosimama wima bila kutikisika, hii ni sauti mpya kabisa katika sanaa ile.

Tarehe 15 ya mwezi huohuo vita vililipuka Khartoum. Makumbusho ya Taifa, ambayo yako karibu na mahali Nile mbili zinapokutana, yaliangukia katika eneo lililoshikwa na wapiganaji wa RSF, waliokuwa wakipigana na jeshi la Sudan, na maelfu ya vitu vya kale vikaporwa. Jeshi lilipolirudisha eneo hilo Machi 2025, wafanyakazi wa makumbusho waliingia tena, wakakuta vioo vimevunjwa na ghala wazi, wakaanza kuorodhesha kilichobaki.